Aliyekuwa Papa Orpha

Mimi ni mtu wa fomu. Miaka ishirini na miwili nimekaa nyuma ya meza moja karibu na posta, hapa Kisangani, kwanza na mashine ya kutaipu iliyokosa herufi Q, sasa na kompyuta. Nawaandikia watu maombi ya kazi, barua za viwanja, salamu za rambirambi, na umeme ukiwapo natoa fotokopi. Wananiita Mama Ursule na wanasema nina mdomo mkali. Ni kweli, na sijuti. Karatasi yenye kosa inaweza kumharibia mtu maisha, na hilo nilikuwa nikiwaambia wateja wangu kila siku, kidole juu, mpaka nilipoiandika mwenyewe karatasi ya namna hiyo.

Kosa langu lilimwangukia mvuvi mmoja wa maporomoko ya Wagenia. Jina lake la karatasi ni Aristide. Jina lake la mtaani lilikuwa Papa Orpha, baba wa Orpha. Alilipoteza jina hilo akiwa mzima, na akili zake timamu, na watu wote waliohusika walikuwa wakimtakia mema, mimi nikiwa wa kwanza.

Aristide ni mrefu, mwembamba, na mkono wake wa kushoto una vidole vinne. Cha tano kilikatwa na kamba ya mtego alipokuwa na miaka kumi na saba. Kwao wanavua kwa vikapu vikubwa vya fito, mdomo wa kila kimoja mpana kuliko mlango wa nyumba yangu, vinavyoning'inizwa kwenye magogo yaliyosimikwa kati ya miamba, pale maji yanapopiga kwa nguvu kuliko pengine pote. Huwezi kuzungumza mahali pale. Maji yanameza maneno, kwa hiyo watu wa kule wakija mjini ama wanapayuka ama wananyamaza. Aristide alikuwa wa kunyamaza. Kila Jumamosi aliniletea samaki, akaketi kwenye benchi la wateja nusu saa nzima, akaondoka bila kusema neno, na mimi nikahesabu kwamba tumeongea vizuri.

Orpha, binti aliyempa jina hilo, hakumzaa yeye. Baba mzazi alikuwa kaka yake Aristide, Jean-Marie, ambaye maji yalimchukua pale pale kwenye magogo mtoto akiwa na miaka miwili. Walimpata siku ya nne, chini kabisa, karibu na Yangambi. Mama wa mtoto alikuwa msichana wa Isangi, akarudi kwao, akaolewa huko, na simlaumu. Mimi nilikuwepo kwenye matanga. Familia ilikaa chini ikizunguka neno moja, mtoto abaki na nani, kila mjomba akiwa na sababu yake nzuri. Ndipo Aristide, kijana wa miaka ishirini na minane asiye na mke, akasimama, akampandisha mtoto mabegani.

"Huyu iko mutoto yangu," alisema. "Kuanzia leo mutu asimuite yatima."

Hayo tu, kisha akaketi. Kwao neno lililosemwa mbele ya watu halirudi mdomoni. Siku ile ile akawa Papa Orpha, kwa kuwa kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Baadaye alimwoa Viviane, wakapata Carlos na wengine wawili, lakini jina halikuhama. Nina hakika nusu ya mtaa walikuwa hawajui kwamba msichana yule alikuwa na baba mwingine aliyelala makaburini.

Alimlea kwenye maji. Orpha alipofika miaka minane kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mwamba na kumrushia kamba yenye jiwe nchani, naye Aristide akiwa juu ya magogo. Kamba ile hurushwa kwa mkono ulionyooka, ukipita juu ya sikio, kwani anayekunja kiwiko hupoteza mizani kwenye mwamba wenye utelezi, akaenda na maji. Na kabla ya kurusha alipaswa kumwita, ili baba ageuke kuidaka. Alikuwa na sauti moja ya kuita "Papa!" iliyopasua kelele zote za mto. Niliwahi kuisikia kutoka barabarani, nikadhani kuna ajali.

Kriketi ililetwa na kocha Franck, aliyesoma Uganda akarudi na mfuko wa magongo mapana na mpira mgumu kama jiwe. Watu walicheka. Mimi mwenyewe nilimwuliza kama ni mchezo wa kuulia nyoka. Alinieleza kwa subira kwamba mrushaji anapaswa kuvipiga kwa mpira vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mwenye gongo, na kwamba sheria kubwa ni moja: mkono usikunjike. Akanieleza pia kwamba inamchukua miezi kuwafundisha wasichana jambo hilo. Siku alipomwona Orpha akirusha, akiwa na miaka kumi na minne, alikaa chini kwenye nyasi.

Alipofika miaka kumi na tisa aliitwa timu ya taifa ya wanawake. Mwaka ule timu ilipata mwaliko wa ziara ya ng'ambo, Ulaya, wiki tatu, mechi sita, ya kwanza kwao. Nchi yenyewe na ubalozi wake sitavitaja. Si hofu. Sitaki tu kuwapa heshima ya kuandikwa.

Orpha alikuwa tayari kambini Kinshasa, na kocha akanitumia fomu yake kwa simu niijaze upande wa familia, kwa kuwa mimi nawajua. Niliijaza kwa dakika nane. Jina la baba: ARISTIDE. Kazi: MVUVI. Yu hai: NDIYO. Sikumwuliza mtu. Nani angeuliza jina la baba wa Orpha, wakati mtu mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi langu na samaki wake? Nilikuwa nimelia kwenye matanga ya Jean-Marie, tena nililia sana, na bado vidole vyangu havikusita. Orpha akatia sahihi huko Kinshasa, maana kwake yeye pia hapakuwa na kosa.

Ubalozini walikuwa na cheti chake cha kuzaliwa. Pale baba ni Jean-Marie, marehemu. Afisa aliweka karatasi mbili sambamba, akamwuliza yupi kati ya hawa ni baba yake. Orpha akajibu kwamba ni wote wawili. Akaulizwa tena, taratibu, kama mtu anayesaidiwa, na akajibu vile vile. Akaandikiwa kwamba maelezo yake si ya kweli. Wenzake kumi na watatu walipata viza, yeye akapewa siku tano za kujieleza.

Mwanasheria wa shirikisho la kriketi alinipigia simu mwenyewe. Nilijitolea kuandika barua ya kukiri kosa, akasema haina uzito. Aliyetajwa kuwa baba ndiye atakayeapa komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mhuri, kwamba msichana si mtoto wake, ni mtoto wa ndugu tu. Pasipo hiyo, timu itaondoka bila yeye. Niliuliza kama hatuwezi kuandika kwamba ni baba mlezi. Alisema hakuna hukumu ya mahakama inayosema hivyo, na kwamba ubalozi umeshachoka na baba wawili.

Nilipanda toleka, na kijana wa watu alikanyaga baiskeli mpaka Wagenia bila kusikia kutoka kwangu hata salamu. Nilikuwa nimejikasirikia kiasi cha kutamani nimkasirikie yeye. Aristide alikuwa juu ya magogo. Nilipunga mikono, akashuka, tukatembea mpaka mahali ambapo mtu anaweza kusikika, nami nikamwambia yote, na kosa langu nikalitaja kwanza.

"Kosa iko wapi?" aliuliza. "Uliandika kweli."

Nikamweleza ukweli wa karatasi. Nikamweleza atakachotakiwa kutamka. Aliangalia mkono wake wenye vidole vinne. Kwao kuna wakati mmoja tu ambapo mzazi hutamka mbele ya watu kwamba huyu si mtoto wangu, nao ni wakati wa kulaani. Nilijua hivyo. Yeye alijua kwamba nilijua.

"Kama nakataa, anabakia?"

Nikamwambia ndiyo, atabaki.

"Alors, tuende," alisema, na akaenda kunawa miguu.

Komini kulikuwa na afisa anayeitwa Asumani, mtu mpole, msomaji mzuri. Alisoma tamko kwa Kifaransa, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili mwapaji asije akasema hakuelewa. Mashahidi walikuwa mimi na mlinzi wa mlangoni. Aristide alivua kofia. Aliuliza kama hakuna namna nyingine ya kulisema, akaambiwa kwamba ubalozi unataka maneno ya wazi. Akainua mkono wa kuume, akarudia neno kwa neno, sauti ya kawaida, kwamba yeye, Aristide, mvuvi, anaapa kuwa Orpha si mtoto wake. Kisha akatia sahihi. Ana sahihi nzuri, yenye mkia mrefu, na hata siku ile hakuupunguza ule mkia.

Asumani alipokuwa akipiga mhuri, Aristide akamwuliza, "Na siku nitataka kuondoa hii neno, nitakuya kuona nani?"

Asumani alicheka kidogo, bila ubaya. Alisema hakuna fomu ya kufuta kiapo, na tangu aanze kazi hajamwona mtu aliyerudi kwa ajili hiyo. Aristide akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa saa ya boti kuondoka.

Karatasi niliituma siku ile. Lakini Orpha alipaswa kuhojiwa mara ya pili, na meneja wa timu akaonya kwamba neno moja likiteleza, basi. Asiseme papa. Aseme tonton. Mgeni huenda asione tofauti, kwa hiyo nieleze. Tonton, mjomba kwa Kifaransa, ni neno la heshima kwetu, tunamwita hivyo rafiki wa nyumbani, mwenye duka, mwalimu aliyestaafu. Lakini ndugu wa baba ni papa, mdogo au mkubwa, basi. Ukimwita tonton umemtoa nje ya mlango.

Aliyemfundisha ni Aristide mwenyewe. Simu yake ni ile ndogo ya tochi, isiyo na intaneti, kwa hiyo alikuja kwangu mchana akitoka kwenye mitego, siku tatu mfululizo, tukampigia Orpha kwa simu yangu. Sikutoka. Nilijifanya natoa fotokopi wakati umeme wenyewe haukuwapo.

"Nani anakulea?" alimwuliza.

Orpha akajibu, "Papa... tonton."

"Tena."

Mara nyingi mno alisema "tena". Alimsema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, alimwambia akichezea nafasi hii asirudi kumtazama machoni. Siku ya kwanza msichana alilia. Siku ya pili alikasirika. Siku ya tatu neno likatoka safi, bila kukwama, mara kumi kati ya kumi, na Aristide akasema "bon", akaniwekea simu mezani, akatoka akiacha kofia yake kwenye benchi. Kesho yake alihojiwa, na viza ikatoka. Mtaani walipiga ngoma za ndoo, na Viviane alinikumbatia huku akinishukuru. Nilitamani kuzama ardhini.

Ziara yenyewe ilikuwa mbaya. Kocha alituma picha, nami nikazionyesha kwa yeyote aliyepita: wasichana wetu wamevaa sweta juu ya sweta, mbingu imewainamia. Walifungwa mechi tano, ya sita ikaharibiwa na mvua, nami nilidhani kwa mvua sisi tumewazidi. Lakini katika mechi ya nne Orpha aliwatoa wapigaji wanne peke yake, na gazeti la kule likachapisha picha yake, mkono ukiwa juu, umenyooka, mdomo wazi. Nilimchapia Aristide picha hiyo kwenye karatasi nzuri. Aliitazama, akasema mguu wa kushoto umekaa vizuri. Nilipomwambia aichukue alisema mikono yake ina maji.

Alizungumza na Orpha Jumapili mbili. Mara zote mbili aliitwa tonton, kwani meneja alikuwa amewaambia wasichana wachunge midomo mpaka watakapokanyaga nyumbani, na mara zote mbili aliitika. Nikajipa moyo. Nikasema atarudi, watacheka, yatakwisha.

Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Bangboka. Hatukuwa wengi, timu iliyofungwa haina ndugu: Viviane na liboke yake ya samaki waliofungwa kwa majani, Carlos na wadogo zake, wasichana wa klabu, na Yolande wa redio na kinasa sauti chake. Aristide alivaa shati la siku ya harusi yake. Orpha alitokea mlangoni amenenepa kidogo, begi la shirikisho mgongoni, akatutafuta kwa macho, na alipomwona akaita kwa ile sauti yake ya mwambani, "Papa!" Watu wote wa uwanja wa ndege waligeuka. Akaja mbio, akaangusha begi njiani.

Aristide alinyoosha mkono, kama mtu anayemsalimia mgeni wa heshima. Msichana alisimama. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Tonton," alimwambia polepole. "Mwaka kesho batakuuliza tena. Zoea."

Orpha alicheka, akidhani ni utani, kisha akamtazama vizuri, akaacha. Wakati huo huo Yolande akafika na kinasa chake, akamwuliza Aristide, kwa furaha kabisa, anajisikiaje leo kama baba.

"Hapana," alisema Aristide kwenye kinasa. "Mimi iko tonton yake. Papa yake alikufa mu maji."

Nilimvuta kando, na nakiri nilimsema vibaya mbele ya watoto wake. Nilimwambia karatasi ile ilikuwa ya kuwadanganyia wazungu, kwamba hakuna mtu hapa aliyeiamini, kwamba anamuua mtoto kwa ajili ya mhuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba hakudanganya mtu. Aliapa mbele ya bendera ya komini, mbele yangu na mbele ya mlinzi, kama alivyosema kwenye matanga mbele ya familia, na hawezi kuchagua neno lipi kati ya haya mawili ni la kweli na lipi ni la mchezo. Akasema pia kwamba redio inasikika mbali, ubalozi una masikio, na mtoto bado ana safari. Hasira yangu ikabaki bila pa kwenda.

Wiki iliyofuata nilitaipu karatasi nyingine, kwa hiari yangu, kwa herufi nzuri kabisa, isemayo kwamba Aristide ni baba wa Orpha tangu siku ya matanga, na mimi ni shahidi. Nikampelekea. Aliisoma taratibu, kidole chini ya mstari.

"Iko na kashe?"

Nilimwambia haina mhuri. Aliikunja mara nne, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu.

Tangu hapo mtu akimwita Papa Orpha barabarani hageuki. Mwanzoni watu walidhani maji yamemwua masikio. Kisha akawaambia mmoja mmoja, bila kugombana, kwamba yeye ni Papa Carlos, na mtaa ukazoea, kama unavyozoea kila kitu. Mimi sijazoea. Jumamosi akija na samaki namwita Aristide, kwa jina lake la karatasi.

Viviane ndiye aliyenieleza jinsi Orpha anavyoishi pale nyumbani. Hamwiti papa, kwa kuwa amekatazwa, na tonton hawezi kuitamka akiwa anamtazama usoni. Kwa hiyo hamwiti kabisa. Akitaka kumwambia jambo humzunguka, akasimama mbele yake, akangoja mpaka atazamwe. Kule kwenye maji hilo haliwezekani. Kamba hairushwi bila kuita. Sasa anayesimama kwenye mwamba ni Carlos, anayekunja kiwiko, na Viviane siku hizi hakai nyumbani kutwa. Anashuka kwenye maporomoko na kazi zake za mkono, anawaangalia.

Mwezi uliopita Orpha alikuja ofisini na fomu ya ziara mpya. Nilimketisha kwenye benchi, nikavaa miwani, na safari hii nikamwuliza kila swali kwa mdomo, moja moja, kama ninavyowahimiza wengine wafanye.

Jina la baba? Jean-Marie. Yu hai? Hapana, alikufa. Umelelewa na nani? Aliangalia nje, barabarani, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Na tonton," alisema, bila kukwama.

Niliandika. Nilisoma yote mara mbili kutoka juu mpaka chini kabla ya kumpa atie sahihi, na fomu ile haikuwa na kosa hata moja.